Baba amekutwa na kansa mbili kwenye utumbo mpana, na ukoo unataka tumrudishe nyumbani

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 29, nafanya kazi Moshi mjini. Baba na mama wanaishi Kibosho. Baba ana miaka 54.

Tangu mwaka jana baba amekuwa akiona damu chooni. Zahanati ya kwanza walisema bawasiri, akapewa dawa ya kupaka. Kwingine akaambiwa ni amiba, akameza vidonge. Damu inakoma kidogo, inarudi. Kabla ya Pasaka akaanza kuishiwa nguvu, akipanda kilima kwenda kanisani anasimama njiani kupumzika. Kupimwa, damu yake ilikuwa 6. Akaongezewa damu, akapewa vidonge vya kuongeza damu, na daktari mmoja akashauri apigwe kamera ya utumbo.

Kamera ya kwanza tulipiga kliniki binafsi. Wakaona uvimbe kushoto, karibu na mwisho wa utumbo mpana, ila wakasema hawakufika mwisho kwa sababu utumbo ulikuwa mchafu. Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kikaenda maabara, jibu likaja kansa. Tukapewa rufaa. Daktari bingwa wa upasuaji alipoisoma ile ripoti akakataa kupanga tarehe mpaka kamera irudiwe ifike mwisho. Baba alilalamika sana kunywa tena ile dawa ya kuharisha. Ilipopigwa ya pili, wakakuta uvimbe mwingine kulia, kule utumbo mpana unakoanzia. Huo nao kinyama kimesema kansa. CT skani inasema ini na mapafu ni safi, lakini kuna mitoki imevimba karibu na uvimbe wa kushoto.

Sasa daktari anataka kutoa karibu utumbo mpana wote, aunganishe utumbo mwembamba na sehemu ya chini iliyobaki. Jumapili tulikaa kikao. Baba mkubwa alisema kansa ikishakuwa mbili imesambaa, mtu hakatwi tena, na kuna mzee wa dawa Sanya Juu tumpeleke. Kaka yangu wa Arusha anasema tuanze na ule unaotoa damu, mwingine usubiri tujipange kifedha. Mama analia tu, anauliza mtu ataishije bila utumbo, na kama atavaa mfuko wa choo tumboni maisha yake yote. Wengine wananong'ona kwamba majibu yalichanganywa, maana mwanzo walisema moja.

Baba mwenyewe anajua ana uvimbe. Hajui kuwa ni miwili. Kaka anasema tusimwambie.

Jambo jingine sijui kama linahusika: shangazi, mdogo wake baba, alifariki kwa kansa ya kizazi akiwa na miaka 46. Na babu mzaa baba tunaambiwa alikufa kwa tumbo, sikumkuta.

Naomba unisaidie Mama, tunatakiwa kumrudishia daktari jibu.

Binti wa Kibosho

*

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Hilo jambo la shangazi na babu ulilolitaja mwishoni linahusika kweli, nitalifikia. Kwanza nianze na baba mkubwa, maana neno lake ndilo litakaloamua kikao chenu.

Baba mkubwa amesema kansa mbili maana yake imesambaa. Sivyo. Kansa ya utumbo mpana inaposambaa huenda kwenye mitoki ya jirani, kwenye ini, kwenye mapafu, au kwenye ngozi nyembamba inayofunika matumbo kwa ndani. Kuruka kutoka kushoto mwa utumbo ikaota upya kwenye ukuta wa ndani upande wa kulia ni nadra sana. Kinachotokea kwa mtu kama baba ni kwamba ukuta wote wa utumbo umeishi miaka ileile, na pengine una udhaifu uleule, kwa hiyo vijinyama viwili vimeota kila kimoja mahali pake na kila kimoja kimegeuka kansa kwa wakati wake. Bati lililozeeka linaweza kutoboka jikoni na sebuleni mwaka mmoja. Tundu la jikoni halikutembea kwenda sebuleni.

Hili madaktari wanalijua zamani. Mwaka 1932 Warren na Gates, watafiti wa Marekani, waliandika vigezo vinavyotumika mpaka leo: kila uvimbe uthibitishwe kuwa kansa, ziwe mbili zilizotengana, na ihakikishwe kuwa mmoja si mtoto wa mwingine. Zikigunduliwa pamoja, au ndani ya miezi 6, huhesabiwa kuwa zimekuja kwa wakati mmoja. Katika kila wagonjwa 100 wa kansa ya utumbo mpana, 3 hadi 5 hivi hukutwa hivyo. Baba si wa kwanza, na huyo daktari wenu si mara yake ya kwanza kulisikia.

Ubaya wa ugonjwa wa baba haupimwi kwa kuhesabu vivimbe. Unapimwa kwa ule uvimbe uliokwenda mbali zaidi: umechimba ukuta wa utumbo kiasi gani, umefika kwenye mitoki au la, umefika kwenye ini au mapafu au la. CT imesema ini na mapafu ni safi. Hiyo ndiyo sentensi ya kumsomea baba mkubwa, ikiwezekana ukiwa na karatasi mkononi. Mitoki iliyovimba bado haijasema neno la mwisho, kwa sababu mtoki huvimba hata kwa mwasho au maambukizi ya jirani yake. Jibu litatoka maabara baada ya upasuaji. Hata ikikutwa na kansa, hiyo ni hatua ya tatu, ambayo hutibiwa kwa nia ya kupona: upasuaji, halafu dawa za kansa kwa miezi 3 hadi 6. Mtu wa miaka 54 mwenye ini safi hapelekwi nyumbani kusubiri.

Sasa hao wanaonong'ona kuhusu majibu kuchanganywa. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili na sioni mchanganyiko wowote. Kamera ya kwanza haikufika mwisho, na waliopiga waliandika hivyo kwa uaminifu. Uvimbe wa kulia ulikuwapo siku ileile, umekaa nyuma ya uchafu. Nahisi hata najua sehemu ya ule uchafu ulitoka wapi: baba alikuwa anameza vidonge vya kuongeza damu. Vile vina madini ya chuma, vinafanya choo kiwe cheusi na kigumu kusafika, na hutakiwa kusimamishwa wiki moja hivi kabla ya kamera. Watu wengi hawaambiwi. Halafu kuna chakula. Maharage, mahindi, mboga za majani, pasheni na mbegu zake, vyote hivyo huachwa siku chache kabla, na siku ya mwisho ni maji, chai ya rangi na supu iliyochujwa. Dawa ya kuharisha husafisha vizuri zaidi ikigawanywa, nusu jioni na nusu alfajiri ya siku yenyewe, hadi yatoke maji ya njano yasiyo na uchafu. Nayaeleza haya kirefu kwa sababu baba atapigwa kamera tena huko mbele, na nyie watoto pia.

Huyo daktari aliyekataa kupanga tarehe kabla kamera haijafika mwisho, mshukuruni. Angepasua kwa ripoti ile ya kwanza, angetoa uvimbe wa kushoto, akashona, mkafurahi, na ule wa kulia ungebaki unakua kimya. Mkono wa daktari ukipapasa utumbo wakati wa upasuaji huweza kupitwa na uvimbe mdogo, na CT ya kawaida nayo hupitwa. Ndiyo maana kanuni ni kuuona utumbo wote kabla ya kukata. Kama uvimbe umeziba njia kamera isipite, kuna CT maalumu ya utumbo uliojazwa hewa, au kamera hurudiwa miezi 3 hadi 6 baada ya upasuaji. Na alivyochukua kinyama cha uvimbe wa pili badala ya kudhani tu, alifanya jambo la maana sana kwa nchi kama yetu, kwa sababu pale utumbo mpana unapoanzia, TB ya utumbo na uvimbe wa amiba huweza kuonekana kama kansa machoni. Kinyama ndicho kinachoamua.

Tuje kwa kaka yako. Wazo la kuanza na mmoja ninalielewa, fedha ni kitu halisi. Lakini tazama lina maana gani. Baba atalala kitandani, atapasuliwa, ataamka bado ana kansa tumboni inayojulikana. Atatakiwa apone kidonda, kisha arudi kupasuliwa tumbo lililokwisha kuwa na makovu, ambalo ni gumu zaidi kulipasua. Wakati huo dawa za kansa, ambazo inapasa zianze ndani ya wiki 8 hivi baada ya upasuaji kama mitoki imeguswa, zitakuwa zinasubiri au zitachanganyika na upasuaji wa pili. Upasuaji wa awamu hufanywa, sikatai, lakini ni kwa mgonjwa ambaye utumbo umeziba ghafla au mwili umedhoofika kiasi cha kutomudu operesheni kubwa. Hiyo ni sababu ya kitabibu, si ya fedha. Na gharama za operesheni mbili na kulazwa mara mbili sioni zitakuwaje nafuu kuliko za moja. Kama bima haipo au haitoshi, nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini kabla ya kulazwa, mweleze afisa hali yenu, ulizieni namna ya kulipa kwa awamu na vigezo vya msamaha. Watu husubiri mpaka bili imewafunga ndiyo waende. Wahi.

Kwa vivimbe vilivyokaa mbalimbali kama vya baba, mmoja mwanzo wa utumbo na mwingine karibu na mwisho, njia ni mbili. Ya kwanza ni kukata vipande viwili na kuacha utumbo wa kati, ambayo ina maana ya maungio mawili, na kila ungio lina hatari yake ya kuvuja. Ya pili ndiyo aliyopendekeza daktari wenu: kutoa karibu wote na kuunganisha mara moja. Inatoa vivimbe vyote na mitoki yao, na inapunguza sana eneo ambalo kansa ya tatu ingeweza kuota. Muulizeni kwa nini amechagua hiyo kwa baba. Ana haki ya kuulizwa na nyie mna haki ya kujibiwa. Mimi nikisoma habari ya shangazi na babu, naiona sababu.

Mama anauliza mtu ataishije. Anaishi, mwambie. Kazi kubwa ya utumbo mpana ni kufyonza maji na chumvi na kutunza choo. Chakula chenyewe hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, na huo anabaki nao. Wiki za mwanzo baba ataenda chooni mara nyingi na choo kitakuwa chepesi, baadaye wengi hutulia kwenye mara 3 hadi 6 kwa siku, na zipo dawa za kupunguza. Atahitaji maji ya kutosha na chumvi kidogo zaidi, na choo kilicho karibu na chumba anacholala. Kama choo chenu Kibosho kiko nyuma ya banda la ng'ombe, huo ndio ukarabati wa kufikiria sasa kabla ya kuchangia kitu kingine. Chakula aanze na laini: mtori, wali uliopondeka, ndizi zilizoiva, nyama iliyochemka vizuri. Maharage na mboga vitarudi polepole.

Kuhusu mfuko, upasuaji wa aina hii mara nyingi humalizika bila mfuko. Wakati mwingine daktari huweka wa muda ili ungio lipone, kisha hurudisha utumbo ndani baada ya miezi kadhaa. Na hata ukiwa wa kudumu, mwanangu, wapo wababa wanaovaa mfuko chini ya koti na wanakaa mstari wa mbele ibadani bila mtu kujua. Mama aende na wewe kliniki, amuulize muuguzi amwonyeshe mfuko wenyewe, aushike. Hofu ya mama imekaa kwenye kitu ambacho hajawahi kukiona.

Mzee wa dawa wa Sanya Juu sitamtukana, simjui. Ninachojua ni kwamba hakuna mti unaotoa uvimbe uliokwishachimba ukuta wa utumbo, na kwamba uvimbe wa kushoto ukisubirishwa unaweza kuziba utumbo kabisa. Siku hiyo baba atavimba tumbo, atatapika, hatatoa choo wala hewa, na mtampeleka usiku kwa upasuaji wa dharura ambao ni wa hatari mara nyingi zaidi kuliko huu uliopangwa. Kama ameshaanza kunywa kitu chochote, daktari na mtaalamu wa dawa ya usingizi waambiwe, kwa sababu zipo dawa za asili zinazofanya damu isigande na nyingine zinazosumbua ini. Baba mkubwa msimkemee. Mwombe aje kliniki kama mkuu wa ukoo, akae kwenye kiti, daktari amwonyeshe picha. Mzee aliyeheshimiwa hubadilika haraka kuliko mzee aliyeshindwa hoja na watoto kikaoni.

Na baba aambiwe. Hapa sikubaliani na kaka yako hata kidogo. Ni tumbo la baba, ni yeye atakayesaini fomu, ni yeye atakayeamka na kovu kuanzia juu ya kitovu hadi chini na kuuliza kwa nini kwa uvimbe mmoja. Ana miaka 54, amekulea, amesomesha; si mtoto. Hamna haja ya hotuba. Mkiwa wawili, mwambie: "Baba, ile kamera ya pili imekuta uvimbe mwingine upande wa kulia. Yote miwili ni kansa. Ini na mapafu ni safi. Daktari anaweza kuitoa yote kwa operesheni moja, na anataka kukueleza mwenyewe." Kisha nyamaza, mwache aulize. Huenda anajua zaidi ya mnavyodhani. Mtu anayerudishiwa kamera hukaa akiwaza.

Sasa shangazi na babu. Baba ana kansa mbili kwa mpigo akiwa na 54, dada yake alikufa na 46, baba yao alikufa kwa tumbo. Upo ugonjwa wa kurithi uitwao Lynch, kwa jina la daktari Henry Lynch wa Marekani, ambapo jeni za kurekebisha makosa ya seli hazifanyi kazi. Familia zenye Lynch hupata kansa ya utumbo mpana mapema, mara nyingi upande wa kulia, mara nyingine zaidi ya moja, na wanawake hupata kansa ya mfuko wa kizazi. Madaktari huishuku hasa wakikuta jamaa watatu wa damu wenye kansa hizi, katika vizazi viwili, mmoja wao akiwa chini ya miaka 50. Yenu inakaribia sana hapo. Lakini kuna la kuhakikisha: shangazi alikuwa na kansa ya mfuko wa kizazi au ya mlango wa kizazi? Ya mlango husababishwa na kirusi na haiingii kwenye hesabu hii. Watoto wake huenda wametunza karatasi zake. Na bibi au wazee wa Kibosho waulizwe babu alikuwa na tumbo la namna gani: alikonda, alitoa damu, alikuwa na miaka mingapi.

Ukishapata hayo, mwambie daktari kabla ya upasuaji, wala usingoje akuulize. Omba kinyama cha baba kipimwe zile protini nne zinazohusika na Lynch. Maabara hutunza kipande kwenye nta, na kama kipimo hakifanyiki hapo, kipande kinaweza kutumwa kwingine. Jibu lake linagusa ukubwa wa upasuaji, uchaguzi wa dawa za kansa baadaye, na nyie watoto. Baada ya upasuaji, ripoti ya maabara itaje kila uvimbe peke yake, na mitoki iliyopimwa isipungue 12. Baba naye arudi kamera ya sehemu iliyobaki mwaka mmoja baadaye, na kila mwaka kama Lynch imethibitika.

Nyie. Kwa mtoto yeyote wa mgonjwa wa kansa ya utumbo, kamera huanza akiwa na 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua mzazi, kinachotangulia. Lakini kwenye Lynch huanza kati ya miaka 20 na 25, na hurudiwa kila baada ya mwaka 1 au 2, kwa sababu kijinyama huko hugeuka kansa haraka. Kikikutwa kingali kijinyama, hutolewa kwa kamera hiyohiyo na hadithi inaishia pale. Kila mtoto wa mwenye Lynch ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi. Wewe una 29, kaka yako nadhani amekuzidi. Msisubiri 40 na msisubiri dalili. Peleka jina lako na la kaka yako kliniki ileile ya baba, na watoto wa shangazi waambieni nao, maana habari hii ni yao kama ilivyo yenu. Wewe na binamu zako wa kike, hedhi ikitoka bila mpangilio au damu ikatoka nje ya siku zake, nendeni kwa daktari wa wanawake mwezi huohuo, na mtajieni shangazi. Kipimo cha mlango wa kizazi mnachopimwa kliniki hakitazami mfuko wa kizazi, kwa hiyo jibu zuri la kipimo hicho lisiwatoshe.